Meli hazilali baharini: gemu za vita vya kale na uongo wa ufukweni

Mpwa wangu ana miaka kumi na sita na kwenye gemu ameshaiteka Karthago, mji wa kale wa Afrika Kaskazini uliokuwa hasimu wa Roma, mara nne. Juzi alinikalisha pembeni nishuhudie ya tano. Jeshi lake lilitembea kwenye ramani hadi ukingo wa bahari, akabofya ng'ambo, na papo hapo askari wote wakageuka kuwa meli. Zamu mbili mbele meli zikafika, zikaparamia ufukwe chini ya kuta za mji, na askari wakashuka kwa mpangilio kama abiria wa daladala kituo cha mwisho. Dakika ishirini baadaye mji ulikuwa wake. Akanigeukia: "Mjomba, Warumi walikuwa wanafanya hivi kweli?"

Gemu yenyewe ni Total War: Rome II, iliyotoka mwaka 2013, na swali la kijana huyu huzuka popote wachezaji wa gemu za vita vya kale wanapokutana. Mmoja atasema yote ni uongo, meli za zamani zile hazikuwa na ubavu wa kuvamia mji. Mwingine atamtajia Alexander Mkuu na mji wa Tiro, amuulize hiyo nayo ilikuwa nini. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na ugomvi hauishi kwa sababu wanaita vitu tofauti kwa jina moja.

Jina lenyewe ni "uvamizi wa baharini", na limebeba mambo matatu. Kuna meli kupigana na meli. Kuna kushusha jeshi ufukweni, adui akiwapo au asiwepo. Na kuna kuushambulia mji wenye kuta kutoka majini, meli zenyewe zikiwa ndizo ngazi na minara. Jambo la kwanza lilitokea mara nyingi. La pili lilitokea mara nyingi zaidi, lakini kwa sharti moja tutakalolifikia. La tatu lilikuwa nadra, tena la gharama kubwa. Gemu nyingi hulichukua la pili, zikalifunga kamba na la tatu, kisha zikalitupa lile sharti.

Ili sharti hilo lieleweke inabidi kwanza tukijue chombo chenyewe. Manowari maarufu ya Wagiriki katika karne ya 5 KK (kabla ya Kristo, miaka ikihesabiwa kurudi nyuma) iliitwa triremi. Ilikuwa na urefu wa kama mita 37 na upana usiofika mita 6: nyembamba, nyepesi, na omoni ilivaa ncha nzito ya shaba ya kutobolea meli ya adui karibu na usawa wa maji. Ndani yake walikaa wapiga makasia 170 kwa safu tatu, safu juu ya safu. Ukijumlisha nahodha, mabaharia, mpiga zumari wa kuwapa mwendo, askari kumi hivi wa ngao nzito na wapiga mishale wanne, unapata watu 200. Mwaka 1987 Wagiriki walizindua triremi mpya iliyojengwa kwa kufuata kumbukumbu za kale, wakaiita Olympias, na kwa muda mfupi watu waliojitolea kupiga makasia waliweza kuikimbiza kwa kasi ya noti tisa, karibu kilomita 17 kwa saa. Kwa chombo kinachosukumwa na mikono mitupu, hiyo si kasi haba.

Sasa angalia idadi ile tena. Watu 200, na wapiganaji kamili hawafiki ishirini. Waliobaki ni injini.

Injini hiyo inakunywa maji. Tuseme kila mtu anakunywa lita tano kwa siku, kiasi kidogo kwa mtu anayevuta kasia juani. Hizo ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita ishirini, kwa meli moja, kwa siku moja. Yawekwe wapi? Chombo kimejaa watu magoti kwa migongo, hakina stoo, hakina jiko, hakina pa kujinyoosha. Kwa hiyo triremi haikuishi baharini hata kidogo. Mchana ilipiga makasia ikiambaa na pwani, jioni ikavutwa nchi kavu tezi kwanza, watu wakashuka, wakatafuta maji, wakapika, wakalala. Mbao zake nazo zilihitaji kukauka, maana zikilowa muda mrefu meli hulemaa. Ukisikia kundi la meli 100, usifikirie meli. Fikiria watu 20,000 wanaotafuta chakula cha jioni kwenye ufukwe mmoja.

Kulikuwa na safari zisizosimama, na zimeandikwa kwa sababu zilishangaza. Mwaka 427 KK raia wa Athene waliamua kuwaua wanaume wote wa mji wa Mytilene ulioasi, wakapeleka meli na amri, kesho yake wakajuta na kupeleka meli ya pili kuifukuzia ya kwanza. Wapiga makasia wa meli ya pili walikula unga wa shayiri uliochanganywa na divai na mafuta huku wakiendelea kuvuta, wakalala kwa zamu, wakafika kwa tundu la sindano kabla amri haijatekelezwa. Thucydides, mwanahistoria wa vita vya wakati huo kati ya Athene na Sparta, aliona inafaa kutueleza mpaka walichokula, kwa sababu kula ukivuta kasia halikuwa jambo la kila siku.

Hapa ndipo gemu inapoanza kutudanganya. Ile Age of Empires ya 1997 iliyowalea wengi wetu ilikuwa na triremi zilizosimama katikati ya bahari mchezo mzima, hazili, hazinywi, hazichoki, zinarusha tu mishale. Ukizoea picha hiyo utaamini kwamba mwenye meli nyingi ndiye mwenye bahari, na mwenye bahari atateremka pwani atakapo. Zamani ilikuwa karibu kinyume chake. Meli ilihitaji ufukwe kila siku, hivyo mwenye fukwe nzuri, zenye maji baridi na soko la karibu, ndiye aliyekuwa na bahari.

Waathene walilipia somo hilo mwaka 405 KK mahali panapoitwa Aegospotami, jina lenye maana ya "vijito vya mbuzi". Walikuwa na meli 180 hivi. Adui yao, Lysander wa Sparta, alikuwa ng'ambo ya mlangobahari akiwa amekaa katika mji wenye ghala zilizojaa. Wao walikuwa wamepanda ufukwe mtupu, hakuna bandari, hakuna soko la maana karibu. Kila asubuhi walitoka kumchokoza, naye akakataa kutoka. Kila mchana walirudi, wakashuka na kutawanyika kutafuta chakula. Siku ya tano Lysander alisubiri watawanyike, ndipo akavuka kwa kasi. Meli nyingi za Athene zilikamatwa zikiwa tupu mchangani, na chache tu zikaponyoka. Athene ikapoteza vita vya miaka 27 kwa sababu watu walikwenda kutafuta mlo. Sijaona gemu inayokuwezesha kushindwa hivyo.

Kabla hatujaondoka kwa wapiga makasia, kuna hadithi moja imekita mizizi: kwamba walikuwa watumwa waliofungwa minyororo. Katika Athene walikuwa hasa watu huru, wengi wao raia maskini na wageni wa kulipwa. Kwa safari ya Sicily mwaka 415 KK mshahara ulikuwa drakma moja kwa siku kwa kila mmoja. Watumwa waliingizwa kwa wingi nyakati za dharura, kama mwaka 406 KK, na hata hapo waliahidiwa uhuru. Hili lina uzito kwa swali letu, maana mtu huru anaweza kupewa mkuki au teo akashuka kupigana. Gemu nyingi humfanya mpiga makasia kuwa sehemu ya mbao za meli. Meli ikigusa mchanga, naye hayupo tena.

Sasa twende ufukweni. Nimekulia pwani, na yeyote aliyekulia pwani anajua adha ya kushuka kwenye chombo kilichotia nanga mbali: unaruka, maji yanakufika kifuani, mzigo kichwani, mguu unatafuta mchanga, wimbi linakupiga kwa nyuma. Ongeza ngao, kofia ya shaba na mkuki. Halafu weka mtu pale pakavu, amesimama imara, anakungoja wewe tu. Unashuka mmoja mmoja, au wawili wawili. Jeshi lako la watu elfu, kwa dakika zile, ni jeshi la watu wawili.

Hayo si makisio. Mwaka 425 KK jemadari wa Athene, Demosthenes, alijenga ngome ya harakaharaka Pylos, katika ardhi ya adui. Wasparta walikuja na meli 43 kumng'oa kutoka majini. Yeye alichagua askari 60 wa ngao nzito na wapiga mishale wachache, akawapanga ukingoni kabisa mwa maji, akawaambia kwamba wao wenyewe, kama Waathene, walijua kwa uzoefu: anayeshuka kutoka melini hawezi kulazimisha njia iwapo aliye ufukweni hatatishika na vishindo vya meli. Wasparta walilazimika kuja kwa vikundi vidogo, kwa sababu mwamba haukutoa nafasi ya meli nyingi. Brasidas, mmoja wa makamanda wao hodari kuliko wote, aliwapigia kelele manahodha wasionee huruma mbao, wazivunje meli ilimradi wafike. Mwenyewe aliposogea kwenye ngazi alijeruhiwa mara nyingi, akazimia, na ngao yake ikaangukia baharini. Waathene waliiokota na kuifanya kumbukumbu ya ushindi. Watu 60 dhidi ya meli 43! Katika gemu ya mpwa wangu, 60 hao wangefutwa kabla chai haijapoa.

Basi sharti ndilo hilo. Jeshi lilishushwa pale ambapo adui hayupo. Waajemi mwaka 490 KK walishuka Marathon bila kupingwa, na vita vilipiganwa siku kadhaa baadaye nchi kavu. Warumi walipokwenda Afrika mwaka 256 KK, baada ya kuvishinda vyombo vya Karthago baharini, walipanda ufukwe wa Aspis, wakavuta meli zao nchi kavu na jambo la kwanza wakazizungushia handaki na boma la miti. Na Waathene walipoutaka mji wa Sirakusa, kisiwani Sicily, mwaka 415 KK, walimtuma mtu akawadanganye majemadari wa Sirakusa kwamba kambi ya Waathene huko Katana inaweza kuvamiwa kirahisi. Jeshi zima la Sirakusa likafunga safari kwenda Katana kwa miguu. Usiku huohuo Waathene wakapanda meli, na alfajiri wakawa wanashuka mbele ya Sirakusa, hakuna hata mbwa wa kuwabwekea. Hiyo ndiyo nguvu halisi ya meli za kale: kufika mahali kabla mwenye miguu hajafika.

Demosthenes yuleyule aliyeukinga ufukwe alikuja kuuvamia mwingine majira hayohayo. Wasparta 420 walikuwa wamekwama kwenye kisiwa cha Sphacteria, mkabala na Pylos. Waathene walipakia askari 800 usiku, wakawashusha pande mbili za kisiwa muda mfupi kabla ya mapambazuko. Walinzi walidhani ni meli zilezile za doria walizozizoea. Waliuawa wakiwa bado wanatafuta silaha. Kulipokucha ndipo wakashuka wengine: wapiga mishale, warusha mikuki, na wapiga makasia wa meli zaidi ya 70, isipokuwa wale wa safu ya chini kabisa. Injini ilishuka kupigana, naam. Wasparta 292 walichukuliwa mateka, na Ugiriki nzima ilipigwa butwaa, kwa kuwa Msparta alifahamika kuwa hufa akiwa amesimama.

Mtu atauliza, je, hakuna aliyewahi kushuka mbele ya adui na kushinda? Yupo: Julius Caesar, jemadari wa Kirumi, mwaka 55 KK, pwani ya Kent nchini Uingereza. Lakini ukisoma maelezo yake mwenyewe utaona jinsi alivyokaribia kuumbuka. Alikuwa na meli za mizigo 80 hivi zilizobeba lejioni mbili, yaani vikosi viwili vikubwa vya Kirumi vya maelfu ya askari. Alipofika aliona majabali yamejaa wenyeji wenye silaha, akaamua kusogea kama maili saba kutafuta ufukwe wa wazi. Wenyeji nao wakasogea, farasi na magari ya kukokotwa yakiambaa naye pwani, wakamngojea palepale. Meli zake za mizigo zilikuwa na kina kirefu, zikakwama mbali na mchanga. Askari wakaangalia maji, wakaangalia adui, wakasita. Kilichomwokoa ni mambo mawili. Moja, aliamuru manowari zake nyepesi zipige makasia hadi ubavuni mwa adui na kuwamiminia mawe ya teo, mishale na vyuma vya mitambo. Wenyeji hawakuwahi kuona kitu kama hicho, wakarudi nyuma kidogo. Pili, mshika bendera wa lejioni ya kumi aliruka peke yake majini na kuwaita wenzake wamfuate kama hawataki kuisaliti bendera. Wakaruka. Hawakuweza hata kumfukuza adui aliyeshindwa, kwa sababu farasi wao, katika meli nyingine 18, walikuwa hawajafika.

Kisha likaja la bamvua. Usiku wa nne ulikuwa wa mwezi mpevu. Mvuvi yeyote wa Tanga, Lamu au Unguja anajua maana yake: mwezi ukijaa, maji hujaa sana na kupwa sana, na chombo ulichokiacha pakavu jioni unaweza kukikuta kinaelea usiku wa manane. Caesar alitoka Mediterania, bahari ambayo maji yake hupanda na kushuka kidogo mno, na aliandika bila kuficha kwamba watu wake hawakulijua jambo hilo. Manowari alizozivuta ufukweni zikajaa maji, na zile za mizigo zilizotia nanga zikagonganishwa na dhoruba. Meli kumi na mbili zilipotea kabisa. Jemadari aliyeishinda Gallia, Ufaransa ya leo, alishindwa na jambo ambalo kwetu mtoto wa mvuvi hulijua kabla hajaota meno ya ukubwani. Mwaka uliofuata alirudi na zaidi ya vyombo 800, vingi vikiwa vimejengwa upya kwa umbo pana na fupi kwenda juu ili viwe rahisi kupakia na kuvuta nchi kavu. Wenyeji walipouona msitu ule wa milingoti waliondoka ufukweni. Alishuka bila kupigwa hata jiwe.

Imebaki kuta. Huyu anayetaja Tiro ana haki. Mwaka 332 KK Alexander aliuzingira mji huo uliokuwa kisiwani, na mwishoni meli zake kweli ndizo zilizobeba magogo ya kubomolea, na meli mbili zikatoa madaraja ya kumwaga askari kwenye ufa wa ukuta. Lakini hesabu gharama. Ilichukua miezi saba. Ilibidi ajenge njia ya mawe baharini kutoka bara. Hakuwa na meli za maana mpaka Sidoni, Kupro na wengine walipomjia na zaidi ya 200. Watiro walitupa mawe makubwa majini kuzuia meli zisikaribie, ikabidi yaopolewe moja baada ya jingine. Walipeleka wapiga mbizi kukata kamba za nanga, akabadilisha kamba kwa minyororo. Ni kazi ya mafundi na makuli kuliko ya wapiganaji.

Sirakusa ilikuwa mbaya zaidi kwa mvamizi. Mwaka 213 KK Mrumi Marcellus alileta manowari kubwa 60, nane kati yake zikiwa zimefungwa mbilimbili ubavu kwa ubavu na kubebeshwa ngazi kubwa yenye ukingo wa kuwakinga askari. Ndani ya mji alikuwamo Archimedes, bingwa wa hisabati na mitambo. Mitambo yake ilirusha mawe yaliyovunja ngazi, na mikono ya chuma ilishuka kutoka kuta, ikashika omo, ikainua meli na kuiachia. Marcellus aliacha kujaribu kwa njia hiyo, na mji ukaingiliwa mwaka uliofuata kwa ngazi za nchi kavu, usiku, wakati watu wakisherehekea sikukuu. Ile hadithi ya vioo vilivyochoma meli kwa mwanga wa jua, ambayo gemu na vipindi vya televisheni vinaipenda, haimo kwa waandishi wa kale waliosimulia mzingiro huo: si kwa Polybius, aliye karibu zaidi na tukio, wala kwa Livy, wala kwa Plutarch. Mikono ya chuma imo. Kwangu hiyo inatosha, na inatisha zaidi.

Nisiwaonee watengeneza gemu. Rome II ilifanya jambo ambalo toleo la 2004 halikufanya: iliweka meli na askari wa nchi kavu katika pambano moja mbele ya mji wa bandari, na hilo lina ushahidi. Jemadari wa Kirumi Scipio alipoiteka Carthago Nova, mji wa Wakarthago huko Hispania, mwaka 209 KK, rafiki yake Laelius alikuwa upande wa bahari na meli huku yeye akibana upande wa bara. Meli ziligawa macho ya walinzi, na mahali pengine ukuta ukabaki mtupu. Hiyo ndiyo kazi meli ziliifanya vizuri mbele ya kuta: kumfanya adui ageuke.

Na Karthago ya mpwa wangu? Vita vilianza 149 KK na mji ukaanguka 146 KK. Warumi walijenga ukuta wa mawe baharini kuziba mdomo wa bandari. Wenyeji, wanawake na watoto wakiwamo, wakachimba mdomo mwingine kimyakimya na kutoka na meli walizojenga kwa mbao kuukuu. Mwishowe Warumi waliingia kweli kupitia upande wa bandari, lakini baada ya miaka mitatu ya kuwanyima watu chakula.

Nilimweleza kijana haya yote. Nikamwambia kama ningekuwa mtengeneza gemu ningeongeza kitufe kimoja tu: jioni ikifika, meli zako zote zipande ufukwe na watu wapike, na kama hakuna kisima karibu, kesho hawavuti kasia. Alifikiri kidogo, akarudisha macho kwenye skrini.

"Mjomba," akasema, "nani atanunua gemu ya kupika uji?"